Kozi ya maneno ya jinsia: somo tamu, Kiswahili chake ndo kimeniangusha (nyota 3 kati ya 5)

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili mjue kwa nini niliichukua hii kozi. Mimi kazi yangu ni kuandika manukuu ya video, yale maandishi yanayopita chini ya skrini, na kuna siku nikapewa filamu fupi ya watu wawili, mmoja ni huntha, yaani mtu ambaye mwili wake wa kuzaliwa haufuati kamili ule tunaouita wa kike au wa kiume, na mwingine ni mwanamke anayevutiwa na wanaume na wanawake. Wa kwanza nikamwandikia "mwenye jinsia mbili", wa pili nikamwandikia "mpenda jinsia mbili", nikatuma, nikalala usingizi wangu mzuri kabisa. Asubuhi kazi imerudi imejaa alama nyekundu, na pembeni mkaguzi ameuliza swali moja tu: hawa ni watu wawili au ni mtu mmoja? Nikasoma tena manukuu yangu kwa macho ya mtu asiyejua filamu inahusu nini, na kweli, hata mimi nisingejua.

Basi nikatafuta mahali pa kujifunza haya maneno vizuri, nikaipata hii kozi ya mtandaoni. Ina masomo 6, video fupi fupi, kila somo lina jaribio mwishoni, alafu kuna faharasa ya kupakua. Ilitengenezwa kwa Kiingereza, wakaitafsiri, na sauti ya Kiswahili imewekwa juu ya sauti ya mwalimu. Jina siitaji maana mambo mengine tayari wameanza kurekebisha na sioni haja ya kumpiga mtu anayenyanyuka. Nimeimaliza yote, nimerudia masomo mawili, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona.

Tuseme ukweli kwanza, somo la 1 ni zuri sana. Mwalimu hakuanza na maana za maneno kabisa, alianza na maswali manne, akasema maneno yote yanayochanganya watu yanachanganya kwa sababu mtu ameulizwa swali moja akajibu lingine. La kwanza, mwili wako ukoje, yaani kromosomu, homoni, viungo ulivyozaliwa navyo. La pili, wewe ndani yako unajijua ni nani, mwanamke, mwanaume, au si huyu wala yule. La tatu, unajionyeshaje, nguo, nywele, sauti, mwendo. La nne, moyo wako unaenda kwa nani. Alafu akachukua mfano wa mwanamke mmoja akampitisha kwenye maswali yote manne, na majibu yakawa hayafuatani hata kidogo: mwili wa kike, anajijua mwanamke, amenyoa nywele na anavaa suruali na mashati makubwa, na ameolewa na mwanaume anayempenda. Mtaani huyo angeshaitwa majina yote unayoyajua wewe, jike dume likiwa ndo la heshima kuliko yote. Kumbe ni mwanamke tu asiyependa magauni, basi, hamna siri nyingine.

Nilisimamisha video hapo nikaenda kunywa maji. Miaka yote hii naandika manukuu ya watu na sijawahi kuyatenganisha hayo maswali.

Sasa tatizo linaanza somo la 2, na tatizo ni Kiswahili. Ukishatenganisha maswali manne unahitaji maneno manne, si ndio? Mtafsiri yeye kachukua neno moja, jinsia, akalitupia mizigo yote. Mwili ni jinsia, unavyojijua ni jinsia, unavyovaa ni jinsia, unayempenda ni jinsia. Yaani mwalimu kapanga vitu kwenye makabati manne, mtafsiri kavizoa vyote akavirudisha kwenye gunia. Kuna sentensi moja kwenye somo la 2 inasema "jinsia si sawa na jinsia". Nawaapia, iko hivo hivo! Nilicheka, alafu nikaona huruma, manake najua ile hali ya kutafsiri saa nane usiku.

Na dawa ipo jamani. Wanaoandika mambo haya kwa uangalifu hutumia jinsi kwa mwili wa kike au wa kiume, na jinsia kwa upande wa jamii, yaani mambo ya uanamke na uanaume tunavyoyaishi na kuyapangia watu. Najua ina kasoro zake, ukiandika "jinsi" mtandaoni unaletewa jinsi ya kufunga tai na jinsi ya kupunguza tumbo, na kwenye mazungumzo ya kawaida karibu wote tunasema jinsia kwa vyote viwili. Ila kozi ya maneno ni kozi ya maneno, hapo ndo mahali pa kulilinda hilo tofauti. Kwa swali la pili sema utambulisho wa jinsia. La tatu, mwonekano wa kijinsia. La nne hata usilitaje neno jinsia, sema mvuto wa kimapenzi, watu watakuelewa.

Cha ajabu ni kwamba hata Kiingereza chenyewe kilikuwa kwenye gunia hilo hilo zamani, na hii kozi inaelezea vizuri. Lile neno lao la jenda (gender, ndo jinsia yetu) lilikuwa zaidi neno la sarufi, kama sisi tunavosema ngeli, mpaka mwaka 1955 mtafiti wa saikolojia John Money alipoanza kulitumia kwa watu, akizungumzia mambo mtu anayosema na kutenda kujionyesha kama mwanaume au mwanamke. Utambulisho wa jinsia kama neno la kitaalamu ukaja miaka ya 1960, daktari Robert Stoller akiwa mmoja wa waliolisambaza. Kwa hiyo tusijione tumechelewa sana. Na mimi hapo nikawaza, watu wa ngeli kama sisi, tuliozoea kitabu kuwa KI-VI na mtu kuwa A-WA bila kujali ni mke au mume, tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko wote.

Sehemu niliyoipenda kupita zote ni ya trans na sisi. Sio sisi ya mimi na wewe, ni ile ya sisijenda. Mwalimu akaeleza ni Kilatini, cis ni upande huu na trans ni upande wa pili, Warumi walikuwa wanaiita ile Gallia iliyokuwa upande wao wa milima ya Alps kwa jina la Cisalpina, na iliyoko nyuma ya milima Transalpina. Wanakemia nao wanayatumia maneno hayo hayo kuonyesha vipande vya molekuli vimekaa upande mmoja au vimepishana. Mtafsiri hapo kaacha ilivyo akapita. Mimi ningesema ng'ambo! Tunalo neno letu tayari. Uliandikiwa mtoto wa kike ulipozaliwa na unajijua mwanamke, hujavuka mto, uko ng'ambo hii, wewe ni sisijenda, na wala sio tusi jamani, kuna watu wakiitwa hivo wanataka kupigana. Uliandikiwa hivi na unajijua vile, uko ng'ambo ya pili, wewe ni transijenda.

Na hapo hapo kuna kitu kinachochanganya watu wengi mpaka wahariri: mwanamke transijenda ni nani? Watu hudhani ni aliyezaliwa akaandikwa wa kike. Hapana, ni kinyume. Neno linafuata anakoishi, si alikotoka. Mwanamke transijenda aliandikwa wa kiume na ni mwanamke, mwanaume transijenda aliandikwa wa kike na ni mwanaume. Kozi imelirudia hili mara nne tano kwa mifano tofauti na sikuchoka, maana mimi mwenyewe nilikosea mara mbili kwenye jaribio.

Ila sasa ukifungua faharasa yao, transijenda wameandika "mtu aliyebadili jinsia". Hapa nakuja na ugomvi wa sarufi mniwie radhi. Ile -li- inaonyesha tendo limeshafanyika, limekwisha. Msomaji akiona "aliyebadili" moja kwa moja anawaza hospitali na kisu. Wakati somo lenyewe la 3 linasema wazi wapo wengi wasiofanyiwa upasuaji wowote, wengine wanatumia homoni, wengine hawatumii chochote wamebadili jina na mavazi tu, wengine hata hivyo hawajaweza na bado ni transijenda. Na wengi wao watakwambia hawakubadili kitu, walikuwa hivo tangu utotoni, kilichobadilika ni watu kujua. Kiambishi kimoja tu kimebeba kosa lote. Ukisema "mtu ambaye jinsia yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa" uko salama, tatizo kwangu mimi ni kwamba mstari wangu wa manukuu mwisho wake ni herufi 42 na hiyo sentensi haingii hata ukiibana, kwa hiyo siku hizi naandika transijenda tu nasonga, mara ya kwanza naacha picha ieleze.

Somo la 4 ni la huntha, na hapa walijitahidi mno, hata tafsiri imetulia, nadhani alibadilishwa mtafsiri. Huntha, au intaseksi kama wengine wanavosema, ni swali la kwanza, la mwili. Hakuna uhusiano wa lazima na swali la pili. Watu wengi ambao ni huntha ni wanawake tu au wanaume tu, wanaishi hivo na hawana shida na utambulisho wao. Na sio kwamba daima inaonekana mtoto akizaliwa. Kuna wenye kromosomu XY, zile ambazo kwa kawaida ni za wanaume, ambao mwili wao hauitikii kabisa homoni za kiume, mtoto anazaliwa anaonekana wa kike, analelewa binti, anaota matiti, na inagundulika tu pale miaka imefika na hedhi haijaja. Wengine wenye XXY, yaani X moja ya ziada, wanajua wakiwa watu wazima, wanatafuta mtoto hapatikani, wanaenda kupima. Wengine hawajui mpaka wanakufa.

Ndo maana lile langu la "mwenye jinsia mbili" lilikuwa bovu mara mbili. Kwanza linachanganyika na lile la "mpenda jinsia mbili", pili linadanganya, linakufanya uwaze mtu mwenye seti mbili kamili za viungo, zote zinafanya kazi. Mwalimu akasema hiyo ni ya konokono, na minyoo ya ardhini, hao ndo wana mayai na mbegu kwenye mwili mmoja na ndo wanastahili lile neno la zamani la Kigiriki la hermafrodaiti, kwa binadamu tuliache. Tangu siku hiyo kila nikiona konokono namkumbuka mkaguzi wangu.

Kitu kimoja walichokosa, na hiki ni chetu wenyewe kisingekuwepo kwenye kozi ya Kiingereza, ni huntha na hanithi. Yanafanana kwa sababu yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini kwa Kiswahili yameenda njia mbili: huntha ni habari ya maumbile, hanithi ni mwanaume asiye na nguvu za kiume, na watu wamelifanya tusi la kila mwanaume wasiyempenda. Nimeshaona mtu anaandika hanithi akimaanisha huntha, kwa nia njema kabisa, na maoni chini yakawaka moto. Alafu shoga. Hili neno linatumika kwa watu wa aina tatu tofauti! Kwanza kuna wanawake ambao mpaka leo shoga yangu ni rafiki yangu wa kike wa kupika na kupakua, pili kwa wengi limegeuka neno la kumtweza mwanaume anayependa wanaume, na la tatu ni hilo waliloliweka wao, eti mwanaume anayevaa kike. Sasa mtu akisoma hapo atatokaje? Mwanaume anayependa wanaume ni jibu la swali la nne. Nguo ni swali la tatu. Wako vyumba viwili tofauti.

Somo la 5, la mwonekano, ndo lililonipa hasira na ndo lililonifurahisha. La kufurahisha: picha ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, ile iliyochorwa mwaka 1701, mfalme amesimama na soksi ndefu zinaonyesha mapaja, viatu vyenye visigino virefu vyekundu, wigi la nywele hadi mabegani. Na hakuna aliyemuuliza kitu, ulikuwa ndo uanaume wenyewe, tena wa kifalme. Akaweka na habari ya gazeti la wafanyabiashara wa nguo za watoto la Marekani la mwaka 1918 lililoshauri rangi ya waridi ndo ya wavulana kwa kuwa ina nguvu, na bluu ya wasichana kwa kuwa ni laini. Miaka mia tu! Kwa hiyo mwonekano ni lugha, inabadilika na wakati na mahali, ndo maana huwezi kuitumia kama kipimo cha aliyeko ndani. Wasanii wa dragi wanaovaa magauni na vipodozi vizito jukwaani, wengi ni wanaume wanaojijua wanaume, shoo ikiisha wanafuta rangi wanarudi nyumbani. Kwao ni kazi. Kwa mwanamke transijenda gauni sio shoo, ni nguo ya Jumanne.

La hasira ni jaribio, swali la 4. Nalinakili lilivyo: "Alex amevaa gauni. Alex ni nani?" Majibu: transijenda, shoga, huntha, au hatujui. Mimi nikajaza hatujui, kwa kuwa ndicho nilichofundishwa dakika kumi zilizopita. Nikapigwa sifuri, jibu sahihi eti transijenda.

Nikakaa nikalifikiria hilo swali kwa muda. Hata ukiacha kwamba jibu lao limepinga somo lao lenyewe, kwa Kiswahili swali halina swali. Kwa Kiingereza lazima kulikuwa na kile kiwakilishi cha kiume kikimwonyesha Alex ni mwanaume, ndo gauni likashangaza. Kiswahili kikakimeza. "Amevaa" haisemi ni mke au mume. Alex anaweza akawa mwanamke wa kawaida kabisa ameenda harusini, na mimi nimenyimwa alama kwa sababu yake.

Hii inanileta somo la 6, la viwakilishi, ambalo lingeweza kufutwa lote kwa sisi. Dakika karibu ishirini za kufundisha uulize mtu anatumia kiwakilishi gani, wakatafsiri "yeye wa kiume" na "yeye wa kike", jamani nani anaongea hivo? Yeye ni yeye. Anakuja, nimemwona, kitabu chake, mwisho wa habari. Tena ndo sababu tukiongea Kiingereza tunawachanganya wenzetu, tunamwita dada wa kike kwa kiwakilishi cha kiume na wala hatuna nia mbaya. Wafini nao wako kama sisi, wana hän kwa wote, na Waturuki wana o.

Lakini wasidhani kwa hiyo Kiswahili hakina mtego. Mtego uko kwenye kuitana. Sisi hatumwiti mtu hivi hivi, ni kaka, dada, mama, baba, shangazi, mjomba, bwana, bibi. Hapo ndo mtu transijenda anaumizwa au anaheshimiwa, pale unapochagua kusema dada au kaka, na wengine wanajua wanachofanya wakisema kaka kwa kukaza sauti. Somo lingehamishiwa hapo lingekuwa la thamani kubwa. Na kwa yule ambaye si mwanamke wala mwanaume tuna maneno mazuri yasiyobagua, ndugu, mwenzangu, rafiki, mpendwa, jirani. Ndugu hasa, ukiliangalia vizuri ni hazina, mtu wa tumbo moja na wewe bila kusema ni wa kike au wa kiume.

Kuhusu hao wasiojiona mwanamke wala mwanaume, nonibainari, kozi imewapa dakika sita tu, na imewachanganya na huntha sehemu moja. Huntha ni mwili, nonibainari ni unavyojijua, mtu anaweza kuwa vyote, kimoja, au hata kimoja asiwe. Na si lazima uonekane katikati, yupo mwenye ndevu na yupo wa vimini. Nilitegemea waguse na hijra wa India, watu wanaohesabika huko kuwa si wanaume wala wanawake, ambako Mahakama ya Juu kabisa mwaka 2014 iliitambua jinsia ya tatu, hawakugusa. Sawa.

Disforia wameieleza kwa kifupi na kwa usahihi: ni yale maumivu ya mtu ambaye mwili au anavyochukuliwa haviendani na anavyojijua, sio jina la mtu mwenyewe, na wapo transijenda wasio nayo. Wakataja kwamba Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, lilitoa suala la utransijenda kwenye sura ya magonjwa ya akili likalihamishia sura ya afya ya kujamiiana. Hiyo nilikuwa siijui na imeshanisaidia kwenye kazi mbili.

Mambo madogo madogo: sauti ya Kiswahili iko chini kuliko muziki wa nyuma, masomo mawili nilivaa visikilizi na bado nikarudisha nyuma. Video zinafunguka hata intaneti ikiwa ya kusuasua, hapo hongera. Cheti kinakuja kwenye barua pepe siku hiyo hiyo. Faharasa msiitumie kabisa kwa sasa, chukueni masomo ya 1, 3 na 4, la 5 angalieni video mruke jaribio.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kuhusu Alex wangu, barua ndefu, nimeeleza na mambo ya -li- na shoga, nikaweka jina langu ambalo ni la kike kwa yeyote anayeongea Kiswahili. Jibu likaja baada ya siku mbili, linaanza "Mpendwa Bwana". Sikujibu kwa hasira, niliwatumia tu kiungo cha somo lao la 6.

Nyongeza baada ya wiki tatu: swali la 4 limebadilishwa, sasa "hatujui" ndo jibu sahihi na alama yangu nimerudishiwa. Faharasa bado ile ile. Na barua ya pili ilianza "Ndugu mteja", kwa hiyo nyota ilikuwa 2, nimeipandisha.